Kutoka Katriji ya GeneXpert hadi Jenomu Nzima: Jibu kwa Mteknolojia wa Maabara

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara za tiba na umri wangu ni miaka 29. Kwa muda sasa nimekuwa nikisikia habari za wanasayansi wanaosoma jenomu za vijidudu, nami natamani kuifanya kazi hiyo, lakini kompyuta naijua kwa kuandika barua na kujaza ripoti tu. Naomba unieleze kazi yenyewe hasa ni ipi, inaanziwa wapi, kama ajira ipo kweli, na kama sijachelewa. Je, niache kazi nikasome, au nifanyeje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo unalolifanya kila siku bila kulipa jina hilo. Kila unapopakia katriji ya makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, unasoma jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, ila unaichungulia kupitia tundu la ufunguo. Jenomu ya bakteria huyo, yaani maandishi yake yote ya urithi, ina herufi zipatazo milioni 4.4, yaani mfuatano wa A, C, G na T zinazounda DNA yake, na kipimo chako hutazama kipande cha herufi 81 tu ndani ya jeni iitwayo rpoB, kwa kuwa hapo ndipo yanapotokea mabadiliko mengi mno yanayomwezesha kuikataa dawa ya rifampicin. Kipande hicho kimechaguliwa kwa busara na kimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini huko Eswatini vimelea vilivyokusanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 viliposomwa upya, takriban asilimia 30 ya vile vilivyokuwa sugu kwa dawa nyingi vilionekana kuwa na badiliko lililo nje ya kipande hicho. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa jibu kwamba rifampicin itamfaa, na mashine haina kosa lolote, maana imejibu sawasawa swali ililoulizwa.

Mwanasayansi wa jenomu za vijidudu ni yule anayeufungua mlango wote badala ya kuchungulia. Anasoma herufi zote za kimelea, au karibu zote, kisha anauliza: huyu ni nani, ana undugu na nani, amebeba silaha gani dhidi ya dawa zetu, na amefikaje hapa? Teknolojia yake ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Jenomu kamili ya kwanza ya kiumbe kinachoishi chenyewe, bakteria aitwaye Haemophilus influenzae, mwenye herufi zipatazo milioni 1.83, ilichapishwa nchini Marekani mwaka 1995 na kundi lililowajumuisha Craig Venter, Hamilton Smith na Robert Fleischmann. Kabla mwaka huo haujaisha, taasisi hiyohiyo ilitoa jenomu ya pili, ya Mycoplasma genitalium, yenye herufi takriban 580,000, kazi iliyoongozwa na Claire Fraser.

Namtaja Fraser kwa sababu umeniuliza kama umechelewa. Mwanamama huyo hakuanzia kwenye bakteria. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1981, ilikuwa ya famakolojia, na kwa miaka mingi alichunguza vipokezi vilivyo kwenye seli, somo lililo mbali kabisa na jenomu za vijidudu. Jenomu ile ya mwaka 1995 ilitoka akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Baadaye akashiriki katika uchunguzi wa kisayansi wa bakteria wa kimeta waliotumwa kwa barua nchini Marekani mwaka 2001, na mwaka 2007 akaanzisha taasisi ya sayansi ya jenomu katika Chuo Kikuu cha Maryland. Miaka 29, kwa hiyo, isikutishe. Katika fani hii wengi wameingia kwa mlango wa pembeni: madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo, wanahisabati, na wateknolojia kama wewe.

Sasa kazi yenyewe. Picha za magazetini humwonyesha mtu mwenye koti jeupe kando ya mashine inayong'aa, ilhali kuwasha mashine ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kwanza kuna kuotesha bakteria na kuhakikisha kwamba koloni uliyoichukua, yaani kile kirundo cha bakteria kilichoota kwenye sahani, ni ya aina moja. Halafu kuna kuitoa DNA ndani ya seli, kuipima wingi na usafi wake, kuikatakata na kuivalisha viunganishi ili mashine iweze kuipokea. Mashine nazo zina tabia zake. Zile zinazosoma vipande vifupi hutoa vipande vya herufi 150 hivi kila kimoja, kwa usahihi mkubwa. Ukitaka kila herufi ya bakteria aina ya E. coli, mwenye herufi milioni 4.6, isomwe wastani wa mara 50, utahitaji herufi milioni 230, yaani vipande vipatavyo milioni 1.5, vilivyochanganyika kama kamusi iliyopitishwa kwenye mashine ya kukatia karatasi. Zile zinazosoma vipande virefu hutoa maelfu ya herufi kwa mkupuo na hurahisisha kuunganisha, ingawa huhitaji DNA ambayo haikuvunjikavunjika wakati wa kuitoa. Kuanzia hapo kazi huhamia kwenye kompyuta: kuchuja vipande vibovu, kuviunganisha vilivyo vizuri, kutafuta jeni za usugu, kulinganisha na jenomu nyingine, kuchora mti wa ukoo. Kisha huja sehemu isiyoweza kuachiwa programu, yaani kuamua kama jibu lililotoka lina maana.

Nikikadiria mwaka wangu wa kawaida, siku za benchi ni chache kuliko za kompyuta, na siku za kompyuta hukaribiana na zile za kuandika, kuomba fedha, kujibu kamati ya maadili, kusubiri vitendanishi vilivyokwama forodhani na kuwasihi watu wanipe taarifa za sampuli. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma mimi na wenzangu tulipokea sanduku la vichupa vya bakteria waliogandishwa, waliokusanywa kwa muda mrefu katika hospitali moja. Tulifurahi kama watoto siku ya Idi. Tulipovitoa kwenye friza tukakuta sehemu kubwa iliandikwa kwa kalamu ya kawaida na wino umefutika, na daftari la kuingizia sampuli halikuonekana. Bakteria walikuwa hai, DNA ilikuwa safi, mashine ilikuwa nzima, nasi tulikuwa na jenomu nzuri za viumbe wasiojulikana walitoka kwa nani, lini, wala wodi gani. Hatukuweza kuandika hata sentensi moja ya maana kutokana nazo.

Ili uone uzito wa daftari lile, tazama kipindupindu, ugonjwa unaoufahamu vema huko ziwani. Kwa muda mrefu mjadala ulikuwa huu: je, kipindupindu kinachotusumbua Afrika kimejificha kwenye maji yetu na kuibuka mvua zinaponyesha, au huletwa na watu? Mwaka 2017 watafiti wa nchi nyingi, wakiongozwa na François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walichapisha uchambuzi uliotumia vimelea 1,070 vya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, kutoka nchi 45 za Afrika, vilivyokusanywa katika kipindi cha miaka 49. Mti wa ukoo walioupata ulionyesha kwamba aina inayosababisha wimbi la saba la kipindupindu duniani iliingizwa barani angalau mara 11 tangu mwaka 1970, upande wa magharibi na upande wa mashariki na kusini, na kwamba baadhi ya milipuko iliyofuata ilidumu hadi miaka 28. Maingizo matano ya mwisho yote yalitoka Asia, na yalileta vimelea sugu kwa dawa kadhaa ambavyo, baada ya mwaka 2000, vilichukua nafasi ya vile vilivyokuwa vikisikia dawa. Miaka miwili baadaye kundi hilo likaonyesha kwamba kimelea cha mlipuko mkubwa wa Yemen kilitoka Asia ya Kusini na kilikuwa kimeshasababisha milipuko Afrika Mashariki kabla ya kuonekana huko. Maji machafu yanabaki kuwa njia ya kuenea, hilo halikubatilishwa, lakini mwenye kupanga chanjo na ulinzi wa mipaka sasa ana ramani ambayo hapo awali hakuwa nayo.

Jiulize basi, vimelea vya miaka ya 1970 walivipata wapi? Mtu fulani katika maabara fulani, ambaye hakuwahi kusikia neno jenomu kwa maana tunayoitumia leo, aliotesha kinyesi cha mgonjwa, akahifadhi bakteria na kuandika mwaka na mahali. Mtu huyo angeweza kuwa wewe. Nakuambia haya kwa sababu waombaji wengi wa kazi wanaonijia wanajua programu za kompyuta na hawajawahi kuona koloni kwenye sahani. Wewe una upande ambao ni mgumu zaidi kuupata darasani: unajua sampuli iliyochafuliwa inavyonuka, unajua kwa nini matokeo ya Jumamosi usiku hayafanani na ya Jumatatu asubuhi. Upande unaoukosa unafundishika.

Ufundishike vipi? Chagua kimelea kwanza, programu baadaye. Anayejifunza programu bila swali husahau kila kitu baada ya mwezi. Anayetaka kujua kwa nini homa ya matumbo ya wilayani kwake haisikii tena dawa fulani hujifunza kwa sababu anahitaji. Ukishachagua, anza na mfumo wa Linux na ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, maana programu nyingi za fani hii huendeshwa hapo. Kisha jifunze lugha moja tu ya kompyuta, Python au R, na usiziparamie zote mbili kwa pamoja. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inatosha kuchambua jenomu chache za bakteria nyumbani. Kazi kubwa zaidi hupelekwa kwenye seva za vyuo. Kwa mtu aliye kazini, saa moja kila siku kwa miezi tisa hivi humfikisha mahali pa kujitegemea, umeme ukiruhusu.

Mazoezi hayahitaji kununua chochote. Jenomu zinazochapishwa huwekwa katika hifadhi za wazi za Ulaya, Marekani na Japani ambazo hubadilishana taarifa, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Chukua vimelea 20 vya kipindupindu vilivyokwisha kuchapishwa, virudie mwanzo hadi mwisho, uchore mti wako, kisha uulinganishe na ule wa wachapishaji. Ukitofautiana nao, tafuta kwa nini. Siku utakayogundua kwamba sampuli moja ilikuwa mchanganyiko wa bakteria wawili, au kwamba ulitumia jenomu ya rejea, ile unayolinganishia nyingine, isiyofaa, utakuwa umejifunza zaidi ya muhula mzima.

Jambo moja nataka ulishike mapema, kwa kuwa huwaponza hata wakongwe: jenomu ina saa, na saa hiyo huenda polepole. Vibrio cholerae wa wimbi la saba hupata mabadiliko kama matatu tu kwa mwaka katika jenomu nzima. Wagonjwa wawili wa kata mbili walioumwa mwezi mmoja wanaweza kuwa na vimelea vinavyofanana herufi kwa herufi, na hapo jenomu haiwezi kukuambia nani alimwambukiza nani. Kifua kikuu ni kizito zaidi, badiliko moja kwa miaka miwili hivi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 ulipendekeza kwamba vimelea vinavyotofautiana kwa herufi 5 au pungufu vichukuliwe kuwa dalili ya maambukizi ya karibuni, na vinavyozidi 12 viondolewe kwenye shaka hiyo. Vipimo hivyo vinasaidia, lakini aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani alilala wapi hana mbadala. Mtu wa jenomu anayedharau kazi ya ofisa afya wa kata, mimi simwajiri.

Nakupa mfano mwingine wa jirani, ingawa ni wa kirusi. Mwaka 2023 katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, kulizuka mlipuko wa ugonjwa wa mpox. Jenomu zilizosomwa na wanasayansi wa Kongo na washirika wao zilionyesha mambo mawili: kwamba aina ya mabadiliko yaliyojirundika ilikuwa ile inayotokea kirusi kinapopita kutoka mtu hadi mtu, na kwamba kipande kilichokuwa kikilengwa na kipimo kimoja cha PCR (mbinu ya kunakili kipande mahususi cha DNA ili kukitambua), kilichotumika kutambua kundi la kwanza la kirusi hicho, kilikuwa kimenyofoka. Kipimo kilitafuta kitu ambacho hakikuwepo tena. Ni kisa cha Eswatini kwa sura nyingine, na kabla mwaka 2024 haujaisha kirusi hicho kilikuwa kimevuka mipaka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Kuhusu masomo, shahada ya uzamili utaihitaji. Chuo Kikuu cha Pwani kilichopo Kilifi na Makerere cha Kampala hufundisha bayoinformatiki kwa ngazi hiyo. Hapa Tanzania unaweza kupitia mikrobiolojia Muhimbili, sayansi za uhai katika Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, au Sokoine kama moyo wako uko kwenye magonjwa yanayotoka kwa mifugo. Jina la shahada si hoja kubwa. Kabla ya kuomba, uliza msimamizi atakuwa nani, kama ana sampuli mkononi na kama ana fedha za vitendanishi, kwa sababu nimeona wanafunzi hodari wakikaa miaka miwili wakingoja sampuli ambazo hazikufika. Uzamivu ni lazima ikiwa unataka kuongoza utafiti wako mwenyewe. Ikiwa unataka kuwa mtu anayeaminiwa kuendesha maabara ya usomaji wa jenomu au kuchambua data, uzamili na mikono mizuri hutosha, na watu wa namna hiyo ni adimu kuliko wenye uzamivu.

Ajira ipo, ila usije ukadhani inafanana na ya serikalini uliyo nayo. Wapo wanaofanya kazi hii Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome Trust wa Uingereza, kilichosoma maelfu ya jenomu za kirusi cha UVIKO-19. Wapo Moshi, kwenye taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kilimanjaro, waliosoma jenomu za bakteria wa wagonjwa wa hospitali. Wapo kwenye taasisi ya afya ya Ifakara, wapo Nairobi kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, wapo Kampala na Kinshasa. Nafasi nyingi ni za mikataba ya miaka miwili au mitatu inayofuata uhai wa ruzuku, na ruzuku nyingi hutoka nje. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, tuliona miradi ikifungwa na vijana wazuri wakirudi nyumbani kabla mikataba yao haijaisha. Mashine nayo haiondoi tatizo hilo. Kifaa cha kusomea jenomu chenye uzito usiozidi gramu 100 kilibebwa kwenye mizigo ya ndege hadi Guinea mwaka 2015 na kutoa jenomu za Ebola ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa, na tangu hapo wafadhili wengi wamependa kugawa vifaa. Kinachokwisha ni vitendanishi, na baadhi huharibika mnyororo wa baridi ukikatika.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao hakuna anayeufundisha. Matokeo yako yanaweza kuwagusa watu wengi kabla hujamaliza kuyahakiki. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipoitangazia dunia aina ya kirusi iliyokuja kuitwa Omicron, jibu la kwanza la nchi nyingi lilikuwa kuzuia safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Walitangaza kwa uadilifu, wakaadhibiwa kwa kuwahi. Zoea basi kuwaeleza mapema wakubwa wa afya unachokiona, kwa maneno wanayoyaelewa, na uwe umesoma vizuri mkataba wa kupeleka sampuli nje kabla ya kuutia saini, hasa kipengele cha nani atachapisha na nani atakuwa na haki ya data.

Sasa swali lako la mwisho. Usiache kazi. Kwenye maabara yako, zungumza na mkuu wako mchague kimelea kimoja kinachooteshwa hapo au kinachopelekwa hospitali ya rufaa kuoteshwa, muombe kibali cha maadili, na kuanzia sasa kihifadhini ipasavyo: vichupa vya kugandishia, lebo zinazostahimili baridi, namba isiyojirudia, tarehe, umri na jinsia ya mgonjwa bila jina lake, wodi, kata anakotoka, dawa alizokwisha kutumia, na matokeo ya vipimo vya usikivu wa dawa. Nakala ya daftari iwe mahali pengine. Jioni ujifunze kompyuta. Baada ya mwaka mmoja mwandikie msimamizi unayemtaka barua ya ukurasa mmoja, umweleze una vimelea vingapi, vya miezi gani, na unataka kujua nini kutokana navyo. Barua za kuomba nafasi hupokelewa kwa wingi kila wiki. Yenye orodha ya sampuli zilizotunzwa namna hiyo mimi huijibu siku hiyohiyo.